Friji la Maji ya Kunde

Kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu Fundi ni haloo yake. Nilikuwa sijamwona hata sura. Ilikuwa siku yangu ya kwanza katika duka la fotokopi la dada yangu, nikishika kazi ambayo sikuisomea huku nikisubiri ile niliyoisomea, na ng'ambo ya ukuta wa mbao simu ikaanza kulia. Ikalia weee. Kisha mtu akashusha pumzi, ile pumzi ya anayeinama kunyanyua gunia alilokwisha kulinyanyua mara nyingi, akasema, "Haloo." Haikuwa haloo ya kuuliza. Ilianza juu kidogo, ikateremka, ikalala chini. Nilidhani amepokea habari ya msiba. Baada ya muda nikamsikia akisema, "Hapana, mwanangu, mimi sijacheza bahati nasibu yoyote. Haya. Haya, asante." Nyundo ikaendelea kugonga.

Nilipotoka kwenda kumsalimu nilimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, miwani imefungwa kwa uzi kisogoni, mikono myeusi kwa grisi. Hakunipa kiganja. Alikunja ngumi akaninyooshea kifundo cha mkono, mahali pasafi, nikakishika hicho.

"Wewe ndiye msomi wa fotokopi?"

"Ndiyo, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Umesomea nini?"

"Uhusiano wa umma."

"Uhusiano wa umma," alirudia polepole. Simu yake ikaanza kulia tena juu ya kopo la rangi. Aliitazama, akanitazama mimi. "Basi umma wote uko humu ndani. Nikupe?"

Fundi alikuwa ametengeneza mafriji na feni tangu ujana wake. Kila friji alilolimaliza alilibandika stika ndogo ya bluu ubavuni: FUNDI FRIJI NA FENI, na chini yake namba ya simu. Hakuwahi kubadilisha namba. Alisema friji likitengenezwa vizuri hukaa muda mrefu, na siku likisumbua tena mwenyewe atamtaka mtu yule yule. Kwa hiyo stika zake zilikuwa zimetapakaa mji mzima, jikoni kwa watu, kwenye mabucha, maduka ya soda, hata zahanati. Namba yake imesomwa na kila aliyewahi kufungua friji kutafuta maji baridi. Kwa kazi hilo lilikuwa jambo jema. Lakini si kila anayesoma stika ana friji bovu.

Kulikuwa na mwanamke wa kurekodiwa aliyempigia asubuhi kumtangazia miito ya simu. Mara ya kwanza Fundi alimjibu. "Nzuri, dada, sijui zako," alisema, akatulia ajibiwe. Dada akaendelea na lake. Fundi alimsubiri mpaka mwisho, kwa sababu hakupenda kumkatia simu mtu aliyemwanza kwa upole. Alipoiweka simu alisema, "Huyu hana malezi. Anaongea bila kupumua."

Baada ya dada walikuja wengine. Yupo aliyesema laini yake itafungwa leo asipotaja namba ya siri. Yupo wa viwanja, yupo wa mikopo, yupo wa dawa ya kurudisha mpenzi. Siku moja kijana mwenye besi nzito alilia, "Baba, ni mimi, simu yangu imeingia maji, nitumie hela kwa namba hii." Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. "Mwanangu wa kiume?" alimuuliza. "Basi pitia nyumbani kwanza. Mama yako hana habari kwamba alikuzaa."

Alikuwa na sababu ya kuchoka nao. Aliwahi kulizwa. Mtu alijifanya mteja, akasema amemtumia hela kupita walivyokubaliana, ameteleza kidole, anaomba arudishiwe ziada kwa namba hii hii. Ujumbe ulikuja, unafanana na wa kweli kama pacha. Fundi akarudisha. Alichorudisha kilikuwa cha mama mmoja wa bucha, cha kununulia kompresa, na ilibidi auze mtungi wake wa gesi ili kompresa ya watu ipatikane. Mkewe hakumgombeza. Alimwekea chakula, akakaa pembeni, akamtazama akila.

"Angenigombeza ningepona mapema," Fundi aliniambia.

Tangu hapo alijaribu kila njia. Alijaribu kutopokea namba ngeni, akakosa kazi ya hoteli nzima, kwa sababu mteja mpya naye ni namba ngeni. Alijaribu kuwafokea, lakini alibaki anatetemeka hata bisibisi haiingii kwenye skrubu. Mwishowe akapata njia yake mwenyewe: kila anayepiga alimgeuza mteja. Waseme wasemalo, yeye aliuliza friji.

"Mzee, hongera, umejishindia pikipiki!"

"Hongera na wewe. Friji lako linanguruma au liko kimya?"

"Mzee, nazungumzia pikipiki."

"Nimesikia. Barafu inaganda juu au inaganda nyuma?"

Wengi walikata. Mmoja nakumbuka alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa bosi wake asisikie, "La mama linavuja maji." Fundi akamweleza jinsi ya kuzibua kijitundu cha nyuma kwa waya laini, wakaagana vizuri. Pikipiki haikutajwa tena.

Mimi nilikuwa nikicheka upande wangu wa ukuta, maana kwa sababu ya grisi simu yake ilikuwa kwenye spika daima na mtaa wote ulisikia. Yeye hakuwa anacheka. Ilikuwa kazi juu ya kazi. Mchana alijilaza juu ya maboksi, simu kifuani, na ilipolia mwili mzima ulishtuka kabla macho hayajafunguka. "Sikio langu limekuwa mlango usio na komeo," alisema siku moja, akageuka ukutani.

Aliyeweza kumchekesha ni binti yake. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na alasiri alipotoka kazini alipitia karakana, mikono ya gauni ina alama za rangi za vidole vya watoto.

"Baba, leo umeshinda nini?"

"Leo Mungu amesaidia. Nimeshinda pikipiki na kiwanja."

"Basi tupande pikipiki twende kwenye kiwanja."

"Kiwanja kiko mbali na pikipiki haina mafuta. Nibebee huo mkoba wa vyuma twende kwa miguu."

Binti huyu alikuwa amefika ule umri ambao majirani wameacha kuuliza na wameanza kuhurumia. Wachumba wawili walikuwa wametajwa miaka ya nyuma, na wote wawili waliyeyuka bila maelezo. Sasa kulikuwa na wa tatu, mtaalamu wa maabara, mtu mtaratibu kutoka mji mwingine. Mimi nilijua kwa kuwa binti alipokuwa akisubiri fotokopi za watoto wake wa chekechea alikuwa akiitazama simu na kutabasamu peke yake. Fundi alijua kwa kuwa mkewe alimwambia. Binti hakumwambia baba yake, baba hakumuuliza. Mambo hayo hupita kwa mama.

Mkewe alikuja kuyasema karakanani, nami niliyasikia bila kutega sikio.

"Watu wa yule kijana wanamtuma mshenga. Ni mjomba wake, mtu mzima."

"Lini?"

"Atakuja tu. Wewe vaa shati safi, usije ukamsalimia na hilo gunia lako la ovaroli."

"Nitavaa."

"Na umpokee vizuri. Safari hii ikiharibika, mtoto hatasema neno, namjua. Lakini hatatuletea mwingine."

Basi Fundi akawa anavaa shati jeupe chini ya ovaroli. Kila mwanamume mzee aliyepita barabarani na viatu vilivyopigwa rangi alimfanya ainue kichwa. Alikuwa anasubiri miguu. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike, kwa sababu watu waliomlaumu baadaye hawakulijua.

Simu ilikuja saa za asubuhi. Nilikuwa mlangoni kwake, nimekuja kuazima koleo, mashine ilikuwa imetafuna karatasi. Fundi alikuwa amejibana nyuma ya friji la duka la maziwa. Tayari alikuwa amekwisha kuongea na mtu wa laini na mtu wa dawa, na yule dada wa miito alikuwa amempigia mara ya pili. Simu ikalia. Akaibonyeza kwa kiwiko.

"Haloo."

"Haloo, mzee mwenzangu. Habari za hapo?" Ilikuwa sauti ya mzee, taratibu, nzito, yenye asali ndani yake.

"Nzuri."

"Za nyumbani? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na shughuli zinakwenda?"

"Zinakwenda. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mtu mzima, nimetumwa. Sasa, mzee mwenzangu, nisikuzungushe. Sisi wenzako wa huku tumepata habari kwamba hapo kwako kuna kitu chetu."

Fundi hakushtuka. Nusu ya mji ilikuwa na vitu kwake. "Kitu gani? Feni?"

Mzee akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kupata mwenzake wa kucheza naye maneno. "Feni! Ahaa. Tuseme ni kitu cha kupoza moyo."

"Basi friji."

"Haya, na liwe friji!"

"Uliliacha lini?"

"Hatukuliacha sisi, bwana wangu. Lipo hapo miaka mingi, umelitunza mwenyewe, na umelitunza vizuri. Sifa zake zimetufikia mpaka huku."

Fundi alikunja uso. "Mimi sikai na friji la mtu miaka mingi. La rangi gani?"

Hapo mzee alisita kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulitegemea lakini hataki kushindwa. "Rangi? Tuseme… maji ya kunde."

Nikaziba mdomo. Fundi alinitazama kwa juu ya miwani, akatikisa kichwa. "Mzee, nimetengeneza mafriji meupe, ya kijivu, hata jekundu. Friji la maji ya kunde sijaliona tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana tunasema ni la pekee."

"Lina ukubwa gani?"

"La kadiri. Si refu sana."

"Linanguruma?"

"Tumeambiwa ni pole mno. Mzee mwenzangu, tumelipenda, na hatuji mikono mitupu. Wewe tuambie tu utaratibu wa hapo kwako, tutangulize nini, na kama tutume kwa namba hii hii au kuna nyingine."

Niliona uso wa Fundi ukifunga. Namba hii hii. Yalikuwa maneno yale yale aliyoambiwa siku aliyolizwa.

"Na kama mama naye ana simu yake," mzee aliendelea kwa upole, "tungeomba jina lake kamili, ili tusije tukakosea."

Fundi alitoka nyuma ya friji. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Sikiliza wewe! Mtu mzima, umejaliwa sauti nzuri kama ya mhubiri, na unakaa kutwa kuwaibia watu waliochoka? Huoni haya? Nenda katafute kazi!"

"Mzee mwenzangu, nadhani hatuja…"

"Mimi si mwenzako! Na hao waliokutuma kawaambie, kwangu hakuna chenu. Hakuna! Msipige, msikanyage, nyinyi na ukoo wenu wote!"

Kisha ile sauti ikasema, bila asali sasa, polepole, kama karani anayerudia maneno ya shahidi, "Kwako hakuna chetu. Nimekuelewa. Nitawafikishia."

"Wafikishie!"

Alinipa simu niifungie ile namba isiweze kupiga tena, maana yeye hakujua jinsi ya kufanya. Nikaifunga. Kisha akakaa juu ya boksi, akaanza kucheka, akavua miwani, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Friji la maji ya kunde!" alisema. "Si refu sana! Msomi, watu hawa wana akili, ila wamekosa pa kuipeleka." Sote wawili tukacheka mpaka muuza maziwa akaja kuuliza kama friji lake limepona.

Alasiri hiyo binti hakupita. Kesho yake pia hakupita, na Fundi alibeba mkoba wa vyuma peke yake.

Aliyekuja ni mkewe. Aligeuza kreti la soda, akakaa, akaweka mikono mapajani. Nilizima mashine yangu nikadhani nitaondoka, lakini mlango wangu ulikuwa mbele yao na nikaona haya kupita.

"Mwanao hali chakula," alisema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Mume wangu, kuna mzee alikupigia simu?"

"Ungeuliza mzee gani hakunipigia."

"Huyu anaongea taratibu. Alikuwa karani wa mahakama, amestaafu. Anapenda maneno."

"Hapana. Wa majuzi alikuwa tapeli wa friji."

"Friji gani?"

"Friji tu, mke wangu, upuuzi. Anasema liko kwangu miaka mingi, nimelitunza vizuri, si refu sana, la rangi ya maji ya ku…"

Neno halikumalizika. Binti yao ana rangi hiyo hasa, ameichukua kwa mama yake aliyekuwa amekaa pale juu ya kreti, na yeye pia si mrefu sana. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa chenye grisi, akaivaa, akawa haoni, akaivua tena.

"Ulisema atakuja," alisema.

"Nilisema atakuja. Wanakaa mbali. Alipiga kuomba kwanza siku ya kuja. Ni adabu."

"Adabu," alisema Fundi.

"Umemwambia nini?"

Fundi aliinama akaanza kuokota skrubu sakafuni. Mkewe akanigeukia mimi mlangoni. "Msomi, wewe ulikuwepo. Alimwambia nini?"

Nikasema. Nililainisha nilipoweza, lakini palipokuwa na ukoo hapakulainika. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafunga macho, akasema tu, "Na sauti yake uliisifia."

Nilifungua ile namba papo hapo. Fundi akapiga. Simu ikalia upande wa pili mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena, na safari ya mwisho haikulia kabisa, nasi tumefungiwa. Nikatoa simu yangu. Mzee alipokea mara moja. Fundi akasema, "Haloo, mzee mwenzangu, samahani, mimi ni…" na ile sauti ikajibu, "Sihitaji," ikakata.

Fundi aliishika simu yangu akaitazama muda mrefu. "Kumbe ndivyo inavyosikika upande ule," alisema.

Nikapendekeza ujumbe. Niliuandika kwa uangalifu wote niliofundishwa: "Mheshimiwa, tafadhali pokea simu yetu. Ni jambo muhimu linalohusu manufaa yako na familia yako. Usipuuze ujumbe huu." Nikamsomea. Fundi akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," alisema, "hapo kimebaki kumtajia pikipiki." Hatukuutuma.

Jioni, jua likiwa bado liko kwenye mabati, binti alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni bila kuuliza leo baba ameshinda nini. Fundi alikuwa anakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Nimekuharibia," alisema bila kumtazama.

"Hukujua, Baba."

"Ningejua kama ningesikiliza. Mtu aliniuliza hali ya mama yako. Matapeli hawaniulizi mama yako."

"Siku hizi wanauliza."

"Kijana anasemaje?"

"Anasema mjomba wake amekasirika. Si kwa kuitwa mwizi. Anasema alikaa siku nyingi anayapanga yale maneno, na hukumwacha afike hata kwenye lile la bustani."

"Lipo la bustani?"

"Lipo refu, Baba."

Fundi akashusha pumzi, ile ile ya haloo. "Umekasirika?"

"Sijakasirika. Nimechoka tu."

"Na mimi, mama," alisema. Alimwita mama, kama alivyokuwa akimwita zamani alipokuwa mdogo. Binti akachukua mkoba wa vyuma, wakaondoka.

Ilibaki nani wa kwenda. Baba wa msichana hawezi kufunga safari kubisha hodi kwa watu wa mvulana. Ataonekana anamtembeza mwanawe. Mama ndio kabisa. Fundi alilala na kuamka na jambo hilo, na karakanani alifunga kifuniko cha friji la watu akasahau bisibisi ndani. Mwishowe alimwendea dada yake mkubwa, shangazi wa binti, mwanamke wa shoka anayeuza vyombo vya plastiki na asiyemwogopa mtu. Shangazi alimsikiliza mdogo wake mpaka kwenye maji ya kunde, akapiga makofi.

"We mwanamume wewe! Friji umelijua, binti umeshindwa kumjua?"

"Dada, naomba. Nimechoka."

"Umechoka nini, na simu unaiweka mwenyewe mfukoni? Haya, nitakwenda. Lakini nikitukanwa huko nitakuja kukutukana mara mbili."

Alipanda basi la asubuhi. Siku alizokuwa huko Fundi alibadilika kwa namna ambayo sikuitegemea. Alipokea kila simu, na hakumuuliza mtu friji. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho, wa viwanja, wa mikopo, wa laini, macho ameyakodoa ukutani, akiogopa kwamba ndani ya mmoja wao anaweza kuwamo mtu wa kweli. Hata yule dada wa kurekodiwa alimsikiliza. Walipomaliza alisema, "Asante, mwanangu, sihitaji. Nisalimie nyumbani." Mmoja aliuliza kwa mshangao, "Mzee, unanijua?" Fundi akasema, "Sikujui. Ndiyo maana." Ilikuwa inamla mchana wote. Mafriji yalipanga foleni mpaka nje, na mabega yake yalishuka nikayaona.

Shangazi alirudi akiwa na vumbi la safari, akafikia karakanani kabla ya kwenda kwake. Aliomba maji, akanywa, akaomba mengine. Fundi alisimama mbele yake kama mshtakiwa.

"Nimewakuta," alisema. "Wamenipa kiti. Mzee mwenyewe alinigeuzia mgongo akawa anapunguza majani ya maua yake, basi nami nikamsimulia mgongo. Nikamweleza habari ya stika, habari ya pikipiki, habari ya kompresa. Nilipofika kwenye yule mtoto wa kiume asiyezaliwa, nikaona mabega yanacheza."

"Alicheka?"

"Sijui kama alicheka. Mabega yalicheza. Kumbe na yeye walimliza mwaka juzi, walimwambia pensheni yake imekwama, atume kitu kidogo ikwamuke. Ndiyo maana namba ngeni anazikatia upesi."

"Akasemaje, dada?"

"Amesema atakuja. Mwenyewe, kwa miguu yake, Jumapili alasiri. Simu hataki kuiona." Shangazi aliinua kidole. "Lakini ana sharti. Atayasema yote upya tangu mwanzo, na la bustani limo. Usimkate hata neno moja. Ukimkata, anainuka, anaondoka, na harudi, na kijana wao watamtafutia kwingine. Hayo kayasema akiwa amenigeukia."

Leo ninapoandika haya ni Jumamosi. Fundi amefunga kazi mapema. Ameazima viti vyetu viwili vya wateja na amevifuta mwenyewe kwa kitambaa ambacho, nilihakikisha, hakikuwa na grisi. Mkewe amefua mapazia. Binti amepita mchana kuleta picha za watoto nizitolee nakala, na nilipomuuliza habari alisema, "Kesho, kesho," akasahau chenji, akasahau na picha.

Muda mfupi uliopita Fundi amekuja mlangoni kwangu, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, siku nzima kabla ya wakati wake.

"Msomi, wewe umesomea maneno. Akisema hapo kwangu kuna kitu chao, nijibu nini?"

Sijaoa wala sijaolewa, na chuoni hawakutufundisha hilo. Mkewe, aliyekuwa karakanani akifagia skrubu, alijibu kupitia ukuta wa mbao.

"Ujibu kipo!"

"Kipo tu?"

"Kipo, karibuni. Halafu unyamaze!"

"Na akiniuliza la bustani?"

"Unyamaze!"

Amerudi upande wake. Namsikia akitembea kati ya mafriji ya watu, akilijaribu neno lile, mara kwa sauti ya juu, mara kwa sauti ya chini, akitafuta lipi halitasikika limechoka. "Kipo. Karibuni. Kipo." Basi la kutoka kule hufika hapa baada ya chakula cha mchana, na kutoka kituoni hadi kwao si mbali, hata kwa mzee anayetembea taratibu.